Mshale Namba Tisa

MAELEZO YA ZIADA YA SHAHIDI

Kituo: Polisi, Thika
Tarehe: 27 Juni 1996
Saa ya kuanza: Nne na dakika kumi asubuhi
Jina la shahidi: Fahim Swaleh Waleed
Umri: Miaka 38
Kazi: Fundi wa mashine, karakana yake iko nyuma ya soko la Ruiru
Makao: Mwiki, Ruiru
Dini: Mwislamu
Lugha: Kiswahili

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nilikuja kituoni leo kwa miguu yangu mwenyewe, sikuitwa na mtu. Tarehe 15 mwezi huu niliandikisha maelezo hapa hapa kuhusu kuumia kwa Wangeci Gathogo. Maelezo yale yana mambo ya kweli na yana uongo. Nimekuja kutoa uongo.

Sajini Ndung'u amenionya kwamba nitakayosema yanaweza kutumika dhidi yangu. Nimeelewa, na nimemwambia aandike.

Nilifanya kazi miaka kumi na mmoja katika kiwanda cha nguo hapa Thika, upande wa kutengeneza vipuri. Mwaka 1992 tulipunguzwa kazi, nikafungua karakana yangu Ruiru. Mwaka 1994 Bwana Gachau, mwenyekiti wa Klabu ya Mishale ya Kilima Kidogo iliyoko hapa Thika, aliniletea upinde ulioharibika gurudumu. Niliutengeneza. Tangu siku hiyo nimekuwa fundi wa vifaa wa klabu. Wenyewe huniita Fundi, na jina hilo nililipenda.

Wangeci Gathogo ana umri wa miaka ishirini na tisa. Ni karani wa kupiga taipu katika ofisi ya mawakili hapa mjini, na anakaa Makongeni. Kwenye klabu yetu hakuna mwanamke anayelenga kumshinda, na wanaume wanaomshinda ni wawili tu. Hutumia upinde wa kapi, ule wenye magurudumu madogo juu na chini. Nguvu ya upinde huo huongezwa kwa kukaza bolti mbili zinazoshika mikono yake.

Siku ya Jumatano tarehe 12 Juni, saa tisa alasiri, Wangeci alinijia uwanjani. Mashindano yalikuwa yamebaki wiki mbili. Alisema, "Fundi, kwa mita sabini mishale yangu inaanguka chini. Niongezee nguvu." Nilikaza kila bolti mizunguko miwili, upinde ukatoka paundi arobaini na mbili ukafika arobaini na nane. Nilihakikisha magurudumu yote mawili yanazunguka pamoja. Kisha nikatundika karatasi kwenye fremu, nikamwambia apige mshale kupitia hapo. Mshale ukiwa sawa hutoboa tundu dogo. Wake ulichana karatasi pembeni karibu urefu wa kidole. Maana yake mishale yake ya zamani ilikuwa milegevu mno kwa upinde ule mpya.

Hapa naomba nieleze, kwa sababu ndipo kosa lilipo. Kamba ikiachiliwa, mshale hupinda kidogo kabla haujanyooka hewani. Upinde ukiwa na nguvu zaidi, mshale lazima uwe mgumu zaidi. Kupima ugumu huo nilitengeneza kifaa changu mwenyewe. Ni ubao wenye vishikizo viwili vilivyoachana inchi ishirini na nane. Nalaza mshale hapo, natundika uzito wa karibu ratili mbili katikati, na geji inanionyesha umeshuka kiasi gani. Halafu nauzungusha robo na kupima tena, mpaka pande zote nne ziishe. Mshale mzima husoma karibu sawa kila upande. Ulio na ufa hauwezi kujificha, upande mmoja utashuka zaidi. Mshale mmoja unanichukua kama dakika nne.

Klabu ilikuwa na mishale kumi na miwili ya kaboni, migumu zaidi, iliyoachwa na mwanachama mmoja mgeni aliporudi kwao. Ilikuwa imetumika. Tuna sheria kwamba mshale wowote uliotumika upimwe na kuandikwa kwenye daftari kabla ya kupigwa tena. Sheria hiyo niliitunga mimi na kuipeleka kwenye kamati, na kwenye daftari imeandikwa kwa mkono wangu.

Jioni ya Jumatano hiyo niliichukua mishale yote karakana kwangu. Niliipiga namba moja hadi kumi na mbili kwa rangi nyeupe, nikatoa manyoya ya zamani na kubandika mapya. Kwenye namba tisa, nilipotia gundi chini ya unyoya mmoja, ilizama. Niliona mstari mwembamba pale. Nilidhani ni mkwaruzo. Hapana, naomba ufute hapo. Sikudhani chochote, kwa sababu sikuangalia mara ya pili. Niliongeza gundi nyingine nikaendelea na namba kumi.

Siku ya Alhamisi tarehe 13, saa tano asubuhi, nilikuwa kwenye stoo ya klabu nikianza kupima. Bwana Gachau aliingia na wageni watatu kutoka klabu moja ya Nairobi. Aliwaambia, "Huyu ndiye fundi wetu. Hii mashine mnayoiona ameitengeneza yeye na mikono yake, hakuna ingine kama hii Thika yote." Niliwapimia mishale minne wakitazama. Mmoja wao alipiga makofi. Waliniuliza maswali mengi nami nikajibu mengi kuliko niliyoulizwa. Kisha Bwana Gachau akasema twende chai, tukaenda.

Chai ile ilichukua muda mrefu. Niliporudi stoo ilikuwa saa nane, na saa nane u nusu nilikuwa na mteja Ruiru. Mishale minane ilikuwa haijapimwa. Nilikaa mezani nikajaza namba zake kwenye daftari, namba tano mpaka kumi na mbili, nikiangalia zile nne za kwanza na kubadilisha kidogo kidogo ili zisifanane sana. Mbele ya kila moja niliandika "Sawa" na kutia sahihi. Daftari nimekuja nalo. Nimemwonyesha Sajini kurasa hizo.

Siku ya Ijumaa tarehe 14, baada ya swala, nilikuja Thika kumalizia upinde wa Wangeci. Saa kumi na moja jioni nilikuwa stoo pamoja na Kisilu Muasya. Kisilu ni mtunza uwanja wa klabu. Ana umri kama miaka hamsini, kwao ni Mwingi, na alikuwa anaishi kwenye nyumba ndogo iliyo ndani ya uwanja. Ametumia mishale ya mti tangu utoto. Kwenye klabu yetu hakuna aliyemwomba alenge.

Kisilu alikuwa anafagia. Aliona mishale mezani akauliza kama anaweza kuishika. Nilimwambia ashike. Aliichukua mmoja mmoja, akashika ncha zote mbili na kuupinda taratibu karibu na sikio, anauzungusha, anaupinda tena. Alipofika namba tisa alirudia mara tatu.

Alisema, "Fundi, hii mshale inalia."

Nilimwuliza, "Inalia vipi?"

"Kuna kitu ndani inasugua. Sikiza wewe mwenyewe."

Alininyooshea. Sikuupokea. Nilimwambia, "Kisilu, hapa si Mwingi. Hapa tuna mashine. Angalia daftari, imeandikwa sawa."

Kisilu anasoma kidogo. Aliangalia daftari, akaona sahihi yangu. Akasema, "Basi kama mashine imesema." Akaurudisha mshale mezani pamoja na ile mingine, akaendelea kufagia.

Nataka ieleweke kwamba wakati ule nilijua mashine haijasema kitu. Ningeweza kuupima pale pale, kifaa kilikuwa mbali nami hatua mbili. Lakini ningeupima Kisilu angeniona, na angejua haukuwa umepimwa.

Siku ya Jumamosi tarehe 15, watu walikuwa kama ishirini uwanjani. Wangeci alianza kupiga saa tatu u nusu kwa mishale ile. Duru ya kwanza ilienda vizuri sana. Alinigeukia akasema, "Fundi, sasa hii ndio upinde!" Duru ya pili mishale mitano kati ya sita iliingia kwenye manjano, katikati kabisa ya shabaha. Sikuwa natazama namba.

Saa nne na dakika ishirini, duru ya tatu, alivuta na kuachilia. Nilisikia mlio mkavu, kama glasi ya taa ikipasuka. Mshale haukufika popote. Ulipasukia kwenye mkono wake wa kushoto, ule unaoshika upinde. Kipande cha kaboni kiliingia chini ya kidole gumba na kutokea karibu na kifundo. Hakupiga kelele. Alisema tu "Ngai," akimwita Mungu kwa Kikuyu, kwa sauti ndogo, halafu akauliza upinde wake umeanguka wapi.

Nilikimbia. Nilifunga mkono wake kwa leso yangu, sikukivuta kile kipande. Kisilu alikuja na maji na shuka. Bwana Gachau alileta pikapu wakampeleka hospitali. Wangeci alikuwa anasema nami mpaka anapandishwa. Alisema, "Asante, Fundi. Usiniachilie." Hayo yako kwenye maelezo yangu ya kwanza na ni kweli.

Yasiyo kwenye maelezo ya kwanza ni haya. Pikapu ilipoondoka nilirudi mahali pale nikaokota vipande. Kipande cha nyuma, chenye manyoya na namba tisa, kilikuwa kama inchi saba. Nilikiangalia juani. Sehemu ya mpasuko ilikuwa mpya, nyeusi inayong'aa. Sehemu nyingine, kama inchi moja hivi, ilikuwa ya zamani, na ndani yake gundi yangu imekauka. Gundi niliitia Jumatano. Kwa hivyo ufa ulikuwepo Jumatano, siku mbili kabla Kisilu hajaushika mshale ule.

Nilikitia mfukoni. Vile vingine nilimpa askari aliyekuja.

Saa nane mchana siku hiyo niliandikisha maelezo hapa. Niliulizwa kama mshale ulikuwa umepimwa, nikasema ndiyo, na nikaonyesha daftari. Niliulizwa kama kuna mtu mwingine aliyeigusa mishale baada ya kupimwa. Nikasema Kisilu aliipinda kwa mikono Ijumaa jioni, na mshale wa kaboni ukipindwa kupita kiasi unaweza kupata ufa ambao macho hayauoni. Sikusema aliniambia unalia. Niliulizwa kama nilimruhusu. Nikasema sikumwona vizuri, nilikuwa nashughulika na upinde.

Hakuna aliyenilazimisha kusema hivyo. Ilitoka mdomoni haraka, tena ikiwa imepangika vizuri, mpaka mimi mwenyewe nilishangaa.

Jumapili tarehe 16 Kisilu alichukuliwa kuhojiwa. Alitoka kwa dhamana Jumanne. Kamati ilikutana Jumatano ikamwachisha kazi na kumwambia ahame nyumba ile. Mimi nilikuwa kwenye mkutano huo. Walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Nilinyoosha wangu.

Siku zile zote nilijiambia kwamba kazi ya kufagia uwanja inapatikana kwingine. Nilijiambia mambo mengi ya aina hiyo. Mke wangu Nadira aliniuliza mbona siendi tena klabu, nikamwambia kuna kazi nyingi karakana. Siku mbili tatu nilikuwa nafungua mlango asubuhi na kukaa bila kuwasha mashine hata moja.

Jana, Jumatano tarehe 26 Juni, saa nne asubuhi, Kisilu alikuja karakana kwangu. Nilimwona akivuka barabara kutoka sokoni, amevaa koti lake la mvua, na nilifikiri amekuja tugombane. Nilikuwa nimeshashika spana mkononi, sijui kwa nini.

Alinisalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani. Nilimpa kigoda. Alikaa, kisha akatoa ndani ya koti kijiti cha mkuyu, kama urefu wa mkono. Alisema, "Fundi, mimi sikujua kaboni haipindwi. Hizi za mti tunapinda hivi. Ndio unajua kama ni nzima." Alinionyesha, anakipinda kile kijiti karibu na sikio kama siku ile. "Sasa nataka unionyeshe. Nilipinda kupita wapi? Nionyeshe mahali nilikosea, nisiumize mtu mwingine."

Nilimwambia, "Kisilu, mambo hayo yamepita."

Akasema, "Kwangu haijapita. Kila nikilala nasikia hiyo mshale. Nilikuwa nafikiri inalia kwa sababu imeharibika. Kumbe ni mimi nilikuwa naivunja, na ndiyo ile sauti nilikuwa nasikia. Ni hivyo?"

Alikuwa ananitazama usoni. Hakuwa na hasira, wala hakuwa ananitega. Alikuwa anamwuliza fundi.

Nilimwambia ndiyo. Nilimwambia ni hivyo.

Nilichukua hata penseli, nikamchorea kwenye kipande cha karatasi namna nyuzi za kaboni zinavyoachana zikipindwa. Nilimchorea vizuri. Alikunja ile karatasi akaitia mfukoni. Aliniuliza njia ya kwenda kwa Wangeci Makongeni, anataka kumwomba msamaha kabla hajarudi Mwingi. Nikamwelekeza. Kisha akaondoka.

Baada ya hapo sikuweza kufanya kitu. Nilifunga karakana saa tano. Nilipofika nyumbani nilimweleza Nadira yote, tangu ile chai mpaka ile karatasi. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Na huyo mzee wa watu sasa hivi yuko wapi?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Hujui," akaingia jikoni.

Leo asubuhi saa mbili, kabla ya kuja hapa, nilienda Makongeni kwa Wangeci. Mkono wake umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Daktari amemwambia kidole gumba na cha pili havitarudi kuwa na hisia kamili. Ofisini kwake wamempa likizo, lakini hajui likizo hiyo itaisha vipi, kwa maana taipu haipigwi kwa mkono mmoja. Aliniambia Kisilu alikuwa amefika jana jioni, amepiga magoti hapo mlangoni, na yeye alimwinua akamwambia ameshamsamehe.

Nilimweleza. Nilimweleza nikiwa nimesimama, sikuweza kukaa kwenye kiti chake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimwomba msamaha.

Alisema, "Wewe ndiye ulinifunga mkono."

Nikasema ndiyo.

Alisema, "Mimi nimekuwa nikikuombea, Fundi. Kila jioni. Namtaja Kisilu kwa ubaya na wewe kwa uzuri." Kisha akasema, "Mbona unaanza kwangu? Nenda kwanza useme pale ulidanganya. Halafu utafute Kisilu. Mimi usirudi hapa mpaka nikuite."

Nilitoka, nikapitia stoo ya klabu, kisha nikaja hapa.

Nimemkabidhi Sajini Ndung'u vitu viwili. Cha kwanza ni daftari la vipimo la klabu. Cha pili ni kipande cha mshale namba tisa, inchi saba, chenye manyoya, ambacho nilikificha tarehe 15. Naomba kiangaliwe kwa kioo cha kukuza, na gundi iliyo ndani ya ufa ilinganishwe na gundi ya karakana kwangu. Asubuhi hii nimeipima pia ile mishale saba ambayo sikuwa nimeipima. Sita ni mizima. Namba kumi na moja una ufa. Nao Wangeci alikuwa akiupiga siku ile ile.

Kisilu Muasya hakuvunja kitu. Aliniambia ukweli nami nikamfunga mdomo kwa sahihi yangu. Mtu wa kuulizwa kuhusu mkono wa Wangeci Gathogo ni mimi.

Niliyoyasema hapa ni yote ninayoyajua, na safari hii sikupunguza chochote ili nionekane mwema.

Sahihi ya shahidi: Fahim S. Waleed

MAANDISHI YA AFISA

Maelezo haya yameandikwa na mimi, Sajini Ndung'u, kwa Kiswahili, mbele ya shahidi peke yake. Yalimalizika saa sita na dakika tano mchana. Vielelezo viwili vimepokelewa na kuwekewa namba. Shahidi ameelezwa kwamba kuanzia sasa anachunguzwa kwa kutoa maelezo ya uongo na kwa uzembe uliosababisha madhara, na ameagizwa asitoke wilayani. Saa sita u nusu nilimtuma konstebo kituo cha mabasi kumtafuta Bw. Kisilu Muasya. Alipatikana akiwa ameshapakia mizigo yake kwenye basi la Mwingi, akashuka. Ameelezwa kwamba nitapendekeza shauri dhidi yake liondolewe, na mwenyekiti wa klabu ameitwa.

Nilimsomea shahidi maelezo yake yote kwa sauti. Alisema ni sahihi, ila aliomba jambo moja liongezwe mahali aliposema Bw. Kisilu aliondoka karakana. Nilimwambia maelezo yameshatiwa sahihi, ninaweza kuliandika hapa tu. Akakubali.

Ni kwamba Bw. Kisilu, baada ya kuchorewa ile karatasi, alisimama, akampa mkono, akamshukuru kwa kumfundisha.

Sajini P. Ndung'u
Polisi, Thika